Tembo wa Kitambaa na Heshima ya Sindano

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya tembo. Si tembo wa Mikumi wala wa Ruaha, na wala sizungumzii tembo la mnazi. Nazungumzia tembo anayeenea kiganjani, aliyekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa, akashonwa kwa mkono na kujazwa sufu tumboni ili mshonaji apate pa kuchomeka pini zake.

Najua wapo watakaoguna. Nchi ina mambo mazito ya kujadili, bei zinapanda, vijana hawana kazi, na huyu anatuletea habari za kushona vinyago vya kitambaa! Lakini naomba subira. Habari ya tembo huyu ni habari ya kazi, tena ya namna kazi inavyoanza, na ya nani anayenufaika nayo ikishakua.

Tuanze na tabia yetu wenyewe. Mtoto akikaa barazani na sindano, akiunganisha vipande vya kitambaa apate mwanasesere, mara ngapi tumemwambia aache mchezo akashike kitabu? Mvulana akiomba sindano, mara ngapi amechekwa na kuambiwa hiyo ni kazi ya dada zake? Na ajabu ni kwamba ukipita mitaani, fundi cherehani aliyekaa kwenye kibaraza cha duka, futi ya kupimia shingoni, mara nyingi ni mwanamume, na tunamwita fundi kwa heshima zote. Kumbe hatudharau kushona. Tunachodharau ni kushona kudogo, kushona kwa mkono, kushona kwa mtu anayeanza. Tunataka fundi, lakini hatutaki kuona jinsi fundi anavyoanza.

Sasa, kitambaa kilichomtengeneza tembo wetu huitwa felti. Vitambaa vingi tunavyovijua, kama khanga, kaniki na marekani, hufumwa. Uzi mmoja husimama, mwingine hulala, zikapitana juu na chini mpaka kitambaa kikapatikana. Felti halisi haihitaji kufumwa. Huchukuliwa sufu ya kondoo, ikaloweshwa maji ya moto yenye sabuni, ikasuguliwa na kushindiliwa mpaka nywele zake zishikamane kabisa. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana ambayo jicho haliyaoni. Joto, unyevu na kusuguliwa huyafanya yakamatane, na yakishakamatana hayaachani.

Usidhani kwamba jambo hili ni geni kwako. Kama umewahi kununua sweta zuri la sufu kwenye mitumba, ukalitia katika maji ya moto na kulifikicha kwa nguvu, ukalianua likiwa dogo, zito na gumu, limemtosha mtoto badala ya baba, basi wewe umekwisha kutengeneza felti bila kukusudia. Na tarbushi, ile kofia nyekundu yenye shada ambayo askari wa King's African Rifles waliivaa enzi za ukoloni, ni ndugu wa felti. Sufu yake hufumwa kwanza, kisha hushindiliwa kwa maji na joto mpaka matundu yote yazibe.

Felti ina sifa moja inayoifanya kuwa rafiki wa mtu anayeanza. Ukiikata, ukingo wake hautoki nyuzi. Huhitaji kukunja wala kukunga pindo. Kata umbo, unganisha, basi. Kwa mtu ambaye mkono wake bado unatetemeka, hii ni rehema kubwa, maana kinachowakatisha tamaa wanafunzi wa kushona ni pindo lisilonyooka kuliko mshono wenyewe.

Tena si jambo la jana. Katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, mahali panapoitwa Pazyryk, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Sergei Rudenko walifukua makaburi ya wakuu wa kale yaliyogandishwa na barafu. Kazi hiyo ilianza mwaka 1929, ikaendelea tena kati ya mwaka 1947 na 1949. Kwa sababu ya barafu, vitu ambavyo kwa kawaida huoza vilikutwa vizima, na miongoni mwake walikuwamo ndege wa felti wenye shingo ndefu, aina ya bata wa majini, walioshonwa na kujazwa ndani. Wana umri unaozidi miaka 2,200. Leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St Petersburg. Mtu fulani, zamani hizo, alikata felti, akashona, akajaza, akafunga tundu. Hatua zile zile ambazo mwanafunzi wa leo hufundishwa siku ya kwanza.

Basi turudi kwa tembo wetu. Mama wa tembo huyo aliitwa Margarete Steiff, naye alizaliwa mwaka 1847 katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na polio. Miguu yake yote miwili ikapooza, na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu na wenye maumivu. Ndugu zake na watoto wa jirani walimvuta shuleni kwa kigari. Wazazi wake walihangaika na madaktari, lakini miguu haikurudi.

Hebu tujiulize, msichana kama huyo, katika karne ya 19, angetazamiwa kufanya nini? Kuolewa, watu walisema hataolewa. Kazi ya shamba hawezi. Utumishi wa ndani hawezi. Margarete akachagua kujifunza kushona, kazi ambayo kwa mkono wake ilikuwa ngumu kuliko kwa mtu mwingine yeyote darasani. Alijikokota nayo mpaka akaiweza. Yeye na dada zake wakawa wanashonea watu nguo, na wakanunua cherehani. Gurudumu la cherehani lilikuwa upande wa kulia, upande wa mkono wake mbovu. Basi akaigeuza cherehani, nyuma ikawa mbele, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Nalipenda sana tendo hili, kwani hakungoja kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Alikigeuza kile kilichokuwapo.

Mjini Giengen palikuwa na kiwanda cha felti, kilichokuwa mali ya watu wa ukoo wake. Jamaa huyo mwenye kiwanda alimhimiza afungue biashara yake mwenyewe, na mwaka 1877 Margarete akafungua duka la nguo za felti. Aliuza sketi za ndani na makoti ya watoto, mavazi ya baridi.

Ilipofika Desemba 1879, gazeti la mitindo la Ujerumani lililoitwa Modenwelt lilichapisha mchoro wa kukatia tembo mdogo wa kitambaa. Magazeti ya namna hiyo yalikuwa mengi Ulaya wakati ule. Wanawake waliyanunua, wakafuata michoro yake, wakashona nyumbani. Margarete aliuona mchoro huo, akatafuta mabaki ya felti dukani mwake, akamshona tembo, akamjaza sufu laini. Alikusudia awe kimto cha kuchomekea pini, zawadi ya kuwapa jamaa na marafiki.

Lakini watoto wana serikali yao. Walipomwona tembo walimnyakua, wakaanza kumchezea. Wakati ule wanasesere wengi walikuwa wa mbao, wa bati au wa kauri, vitu vigumu na vingine vya kuvunjika. Tembo huyu alikuwa laini, angeweza kukumbatiwa na kuangushwa bila kuvunjika. Watu wakaanza kuagiza. Mwaka 1880 aliuza wachache tu wa kuhesabika. Ndugu yake, Fritz, akawapeleka sokoni katika mji wa jirani. Kufikia mwaka 1886 tembo zaidi ya 5,000 walikuwa wameuzwa. Wakafuata nyani, punda, farasi, ngamia, na mwaka 1893 kampuni ikaandikishwa rasmi kuwa kiwanda cha wanasesere wa felti.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna jambo linalotuhusu. Katika miaka hiyo hiyo, tembo halisi wa bara letu walikuwa wakiuawa kwa wingi, pembe zao zikibebwa mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na huko ng'ambo zikawa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Tembo wetu alikwenda Ulaya vipande vipande, na aliyembeba alilipwa ujira wa mzigo tu. Tembo wa Giengen alianza na kipande cha felti kilichosalia kwenye meza ya kukatia, na aliyemshona aliweza kuongeza thamani kila mwaka. Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo somo letu la leo. Malighafi ni malighafi, iwe pembe au sufu. Faida kubwa humwendea anayeipa umbo.

Habari iliyofuata wengi wanaifahamu. Richard Steiff, mtoto wa Fritz, aliyesomea ufundi wa sanaa mjini Stuttgart, aliingia katika kampuni ya shangazi yake mwaka 1897. Mwaka 1902 akabuni dubu wa kuchezea mwenye viungo vinavyogeuka, aliyetengenezwa kwa kitambaa cha manyoya ya mbuzi. Kwenye maonyesho ya biashara mjini Leipzig mwaka 1903, mnunuzi kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000. Huko Marekani kwenyewe, kabla ya hapo, Rose Michtom wa Brooklyn, ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la peremende, alikwisha kushona dubu wake, na dubu hao wakapewa jina la Teddy, kutokana na Rais Theodore Roosevelt. Ndiye Roosevelt yule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, na tembo walikuwa miongoni mwa wanyama aliowaua. Mwezi uliofuata, Mei 1909, Margarete Steiff alifariki dunia huko Giengen.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, mwaka 1907, kampuni yake ilitengeneza dubu wapatao 974,000 katika mwaka mmoja. Waliofanya kazi kiwandani walikuwa watu 400. Waliofanya kazi majumbani kwao, wakipokea vipande na kurudisha vilivyoshonwa, walikuwa 1,800. Tafadhali izingatie hesabu hiyo. Kwa kila mtu mmoja aliyekuwa kiwandani, zaidi ya wanne walikuwa nyumbani, na sindano zao. Majina yao hatuyasikii. Jina tunalolisikia ni lile lililo kwenye kifungo, maana tangu mwaka 1904 kampuni ilianza kutia kifungo cha chuma kwenye sikio la kila mnyama ili bidhaa yake isichanganywe na za waigaji. Mwenye kifungo ndiye anayekumbukwa.

Sisemi hivyo kumshutumu mama wa watu. Nasema kwa sababu tunapohubiri ushonaji kwa vijana na akina mama wetu, inafaa tujue kuna kushona kwa namna mbili. Kuna kushona kwa mtu mwenye mchoro, mwenye daftari la hesabu na mwenye jina lake kwenye bidhaa. Na kuna kushona kwa mtu anayepewa kipande kilichokatwa na mwingine, akalipwa kwa hesabu ya mwingine. Wote wanashika sindano ile ile.

Mfano wa karibu tunao. Mwaka 1877, mwaka ule ule Margarete alipofungua duka lake, mwanamke wa Kiingereza aitwaye Caroline Thackeray aliwasili Unguja, akaja kuongoza shule ya wasichana ya misheni ya UMCA huko Mbweni. Wengi wa wasichana hao walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Waliofanya vizuri katika masomo ya kitabu waliandaliwa kuwa walimu. Wale ambao hawakuonekana kuwa wa kitabu walipelekwa upande wa kazi za mikono, wakafundishwa kushona, kupika, kufua na kusuka mikeka. Kwa msichana aliyeteremshwa kutoka jahazi la watumwa, kujua kushona kulikuwa na maana, na sitaki kulibeza hilo. Lakini tazama mpango wenyewe: kitabu kwa anayefaulu, sindano kwa anayeshindwa. Mpango huo haukuishia Mbweni. Tumeurithi, tumeutunza, na mpaka leo mzazi wa mjini akiambiwa mwanawe ana mikono mizuri, husikia kana kwamba ameambiwa mwanawe hana akili.

Nikiwa shuleni, wasichana walipewa kipindi cha sayansi kimu, wakadarizi vitambaa vya meza. Sisi wavulana tulipelekwa bustanini. Mwisho wa mwaka vitambaa vile vilikusanywa, vikapangwa mezani siku ya wazazi, vikasifiwa, kisha vikafungiwa kabatini. Hakuna aliyeulizwa gharama ya uzi. Hakuna aliyeambiwa ahesabu saa alizotumia, wala apange bei. Mwalimu alisahihisha mishono, akapita. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametuandikia juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziunganishe kazi na maarifa. Katika shule nyingi kazi ilibaki na maarifa yakabaki, lakini muungano wenyewe haukuonekana.

Na si kwamba sisi hatuna historia ya kujivunia. Isimuliwavyo kuhusu khanga ni kwamba karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za rangi, zile za mraba zilizouzwa kwa mfululizo kabla hazijakatwa. Walikata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunganisha kwa mshono mmoja wa mkono, wakapata vazi lenye leso sita. Wafanyabiashara walipoona jinsi wanawake wanavyovaa, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa namna hiyo. Basi mkono ulitangulia, kiwanda kikafuata. Kofia zetu za kudarizi kwa mkono ni vivyo hivyo. Kofia moja nzuri huchukua siku nyingi, tundu kwa tundu, na anayeijua kazi hutambua ya mkono na ya mashine kwa kuitazama mara moja tu. Lakini je, umewahi kuona kofia yenye jina la mama aliyeidarizi? Mimi bado.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiuliza ni nini kilichomkuza tembo wa Giengen, usijibu haraka kwamba ni bidii. Bidii ilikuwapo, tena ya ajabu. Lakini yalikuwapo pia mambo manne. Malighafi ilikuwa jirani, kwenye kiwanda cha jamaa yake. Mchoro ulichapishwa katika gazeti la lugha yake, lililoweza kununuliwa na mwanamke wa mji mdogo. Soko lilikuwapo, na ndugu wa kubeba gunia kulipeleka. Na jina liliwekwa juu ya kazi. Ondoa mojawapo, tembo anabaki kimto cha pini. Tukitaka kuwasaidia wanaoanza, hayo ndiyo ya kuwatafutia, badala ya kuwagawia cherehani siku ya sherehe, picha zikapigwa, na kesho yake uzi wa kununua hakuna.

Kuna mahali ambapo jambo hili limejaribiwa, na pana tembo ndani yake. Mjini Iringa, mwaka 2003, kilianzishwa kituo cha Neema Crafts, chini ya Kanisa la Anglikana, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Walianza na vijana watatu viziwi, waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye zikaongezwa kazi za kufuma, kushona vipande vya vitambaa na nyinginezo, na idadi ya wafanyakazi ikapita 100. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule msichana wa kigari. Watu walioitwa mzigo walipata kazi ambayo mnunuzi huitaka kwa uzuri wake, wala si kwa huruma.

Huenda yupo msikilizaji anayesema, nimeelewa, lakini mimi sijawahi kushika sindano, nianzie wapi? Anzia kwa tembo. Tafuta sweta kuukuu la sufu tupu, lifue kwa maji ya moto na sabuni, lifikiche mpaka liwe zito, lianike. Hiyo ndiyo felti yako. Chora kwenye karatasi umbo la tembo anayetazama upande mmoja, ukubwa wa kiganja. Kata vipande viwili vinavyolingana. Viweke pamoja, vishikize kwa bandi ili visiteleze. Kisha shona ukingoni kwa uzi mnene, mishono ya karibu karibu, kuanzia mguu wa nyuma, upite mgongoni na kichwani, uzunguke mkonga na miguu ya mbele. Acha mwanya tumboni wa kupitisha vidole viwili. Jaza sufi, ukianza na mkonga kwa kusukuma na njiti, maana ukiuacha mwisho hautajaa kamwe. Ziba mwanya. Masikio yashone baadaye, na macho yawe mafundo mawili ya uzi mweusi.

Tembo huyo wa kwanza hatasimama. Vipande viwili peke yake humfanya awe bapa, alale ubavu, na kwa kuchomekea pini inatosha. Ukitaka asimame, unaongeza kipande cha tatu chini, kinachotanua tumbo na miguu. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kushona ni hesabu, kwa sababu kipande hicho kikizidi kidogo tembo anapinda, kikipungua anaanguka kifudifudi. Atakayemtengeneza tembo anayesimama amekwisha kujifunza jinsi kitambaa bapa kinavyogeuzwa kuwa kitu chenye mwili, na huo ndio msingi wa ukosi, wa bega la koti na wa kiatu.

Ukimaliza, fanya jambo moja ambalo shule yangu haikutufundisha. Chukua daftari. Andika uzi umegharimu kiasi gani, sweta kiasi gani, na saa ngapi umekaa. Jumlisha. Kisha andika jina lako kwenye kipande kidogo cha utepe, ukishonee chini ya mguu. Sisemi kwamba kila atakayeshona tembo atajenga kiwanda. Wengi hawatajenga, na kazi ndogo ya mikono mara nyingi hulipa kidogo. Lakini anayejua gharama ya kazi yake haonewi kirahisi na mnunuzi wa jumla, na mwenye jina kwenye bidhaa anaweza kutafutwa.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Wazazi, mkimkuta mtoto barazani na sindano, awe wa kike au wa kiume, msimfukuze. Muulizeni anashona nini, na mwisho wa kazi muulizeni imemgharimu kiasi gani. Walimu, vitambaa vilivyoko kabatini vitoeni, vipangiwe bei. Na ninyi wenye magazeti, mkiwamo mnaochapisha maneno yangu haya, tafuteni nafasi ndogo ukurasani, mchape mchoro wa kukatia. Mchoro mmoja tu kwa wiki, kwa Kiswahili, wenye vipimo. Hatujui ni nani huko Tandale au Kibera anayengoja kuuona.

Panapo majaliwa, tutazungumza tena wiki ijayo.